Treni ya Chakula Imefika Itigi

Mwaka 1974, nilipokuwa kidato cha tatu, nilikuwa na kazi ambayo wavulana wengi waliionea wivu. Kila asubuhi shule yetu ya sekondari pale Singida ilisimama mstarini, wavulana upande mmoja na wasichana upande wa pili, na baada ya wimbo wa taifa na ukaguzi wa kucha, mkuu wa shule aliita, "Habari!" Hapo nilitoka mbele na karatasi yangu, nikasoma mambo ya nchi na ya dunia kama nilivyoyasikia redioni muda mfupi kabla. Wapigania uhuru wa Msumbiji wamefika wapi, operesheni ya vijiji imeingia wilaya gani, mvua imenyesha wapi. Nilisoma dakika tano. Katika dakika hizo tano hata walimu walininyamazia.

Sikupewa kazi ile kwa ajili ya akili. Nilipewa kwa umri na kwa sauti. Kwetu Itigi nilichunga ng'ombe mpaka nikafika miaka kumi na mmoja, ndipo nikaanza darasa la kwanza, magoti yakigonga dawati. Kwa hiyo kidato cha tatu nilikuwa mtu wa miaka ishirini, mwenye ndevu. Wenzangu waliniita Babu Damiani. Mwalimu Laurenti, aliyetufundisha siasa, alisema redio yake itashikwa na mtu mzima, kwa sababu mtoto ataichezea.

Ilikuwa redio ya betri sita, imevalishwa mfuko wa ngozi. Aliiweka katika stoo ya vitabu, ufunguo akanipa mimi.

"Habari tu, Damiani," aliniambia siku ya kwanza. "Asubuhi dakika kumi, kisha unazima. Betri hakuna madukani. Hizi nimezipangia foleni Dodoma, na sijui nyingine nitazipata lini."

"Ndiyo, mwalimu."

"Zikianza kuchoka, zianike juani, zitakusogeza wiki moja. Lakini muziki, hapana."

Nililishika sharti lile miezi saba.

Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Mvua ilikuwa imetunyima misimu miwili. Shuleni asubuhi tulikunywa uji usio na sukari, chakula cha mchana kilifutwa, na jioni tulikula ugali wa unga wa njano uliotoka ng'ambo. Watu waliuita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi yake, na washabiki wa Simba bwenini walisema wao wanaula kwa huzuni, tena wakiwa wamefumba macho. Tulicheka, halafu tukalamba sahani.

Lakini njaa haikuwazuia vijana kuwa vijana. Jirani yangu wa kitanda, Alute Philipo, alikuwa na suruali moja ya bugaluu, pana chini hata ikafagia vumbi. Aliilaza chini ya godoro ili apate kuipiga pasi kwa usingizi wake. Nywele zake alizifuga kwa hila. Mkuu wa shule alikuwa na desturi ya kuchomeka penseli kwenye kichwa cha mwanafunzi. Ikisimama, unakwenda kunyolewa. Alute alizipaka maji na kuzikandamiza kila asubuhi, na penseli ikaanguka kila mara.

"Bitozi wa Singida," nilimwambia.

"Afadhali bitozi kuliko Babu," alijibu. "Wewe hata Mungu akikuita, utamwambia subiri kwanza nisome habari."

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, nikiwa nimetoka kanisani, Alute alinijia na macho yanayong'aa. Wakati ule watu wote walikuwa wameshikwa na mambo ya salamu. Unanunua kadi, unaandika majina ya unaowasalimu, unaituma Dar es Salaam, kisha unasubiri wiki hata miezi usikie inasomwa redioni.

"Babu, kadi yangu leo inasomwa. Moyo unaniambia."

"Moyo wako ulikuambia hivyo hata wiki jana."

"Wiki jana moyo ulikuwa unatania. Tulete redio bwenini. Kipindi kimoja tu."

"Redio ni ya habari, Alute."

"Na jina langu kusomwa redio ya taifa si habari? Hapa Singida itatokea habari gani kubwa kuliko hiyo?"

Bweni zima lilicheka, na mimi nikacheka, na kucheka kwangu ndiko kulikonimaliza. Nilikwenda kuchukua redio. Tuliiweka juu ya sanduku langu, wavulana zaidi ya ishirini wakaizunguka, wengine wakining'inia madirishani. Kadi zilisomwa za Tabora, za Tanga, za Mwanza. Nilikuwa tayari kuzima. Ndipo sauti ikasema: salamu hizi zinatoka kwa Alute Philipo wa Singida, ziwafikie mama yake mzazi, Mama Dina, mjomba wake Melkizedeki, na Babu Damiani, mzee wa habari. Ujumbe wake, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kelele zilizopigwa pale zilifika bweni la jirani. Alute aliruka akavunja ubao wa kitanda. Mimi nilibaki nimeshika kitufe. Jina langu lilikuwa limepita juu ya nchi nzima. Mama yangu, kama alikuwa karibu na redio ya mtu, alikuwa amelisikia. Walipoanza kupiga dansi sikuzima. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, niliongeza sauti, na redio ikapiga mpaka jua likazama.

Jumatatu asubuhi niliingia stoo ya vitabu, nikafungua. Ilikoroma mara moja kama mtu anayegeuka usingizini, kisha basi. Nilizitoa betri, nikazisugua kwenye kaptula, nikaziuma kwa meno kama tulivyofanya kwa betri za tochi, nikazirudisha. Kimya. Jua la kuzianika lilikuwa bado halijapanda. Nilipiga magoti kati ya maboksi ya chaki nikaomba: Bwana, washa kitu hiki dakika tano tu, sitakusumbua tena. Niliomba betri. Kuomba ujasiri wa kusema kweli hakukunijia hata akilini.

Kipande cha reli, kengele yetu, kiligongwa. Nikatoka.

Ningeweza kusema, "Leo sikupata habari." Ni maneno matatu. Lakini Mwalimu Laurenti angeuliza kwa nini, na redio angeichukua, na mimi ningerudi kuwa mwanafunzi mwenye ndevu ambaye hana kingine. Nilianza kwa kusoma upya habari za Jumamosi, nikizipindua kidogo. Wanafunzi walianza kunong'ona. Mkuu wa shule alitazama saa. Mbele yangu walisimama watoto wa kidato cha kwanza, miguu imekauka, wengine wameegemeana kwa ajili ya njaa, na mimi nikatamani kuwapa kitu.

Wiki moja kabla, baba yangu, aliyefanya kazi katika gengi la reli pale Itigi, alikuwa ameniandikia kwamba wameagizwa kufagia ghala la stesheni, na kwamba watu wanadhani ni kwa ajili ya mahindi. Watu wanadhani: ndivyo barua ilivyosema. Nikainua karatasi isiyokuwa na neno hilo nikasoma:

"Habari iliyotufikia asubuhi hii. Treni ya chakula imefika Itigi, ikiwa na mahindi kwa ajili ya wananchi wa mkoa wa Singida. Ugawaji utaanza wiki hii hii."

Shule ikalipuka. Wasichana walipiga vigelegele. Mzee Antipasi, mpishi wetu, alitoka jikoni akigonga sufuria kwa mwiko. Watoto wa kutwa wanaokaa Mandewa walipeana ahadi ya kukimbia nyumbani saa ya mapumziko kupeleka habari. Mwalimu Laurenti alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa kuwa naye alikuwa na watoto sita.

Nilirudi mstarini nikijiambia kwamba sikusema uongo. Treni itafika tu. Mimi nimeitanguliza siku chache. Moyo wangu uliikubali hoja hiyo kwa saa nne.

Saa ya adhuhuri, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za darasa, alinijia msichana wa kidato cha pili aitwaye Rahabu. Tulimjua kwa ukimya wake na kwa hesabu. Hakuwa amewahi kuzungumza na mimi.

"Kaka Damiani, nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini?"

"Habari ya asubuhi." Alitabasamu akitazama chini. "Usiku nilikuwa silali. Kwetu Issuna wadogo zangu wanakula majani siku ya nne sasa. Nimeshawaandikia baba na mama. Barua nimempa utingo wa lori la chumvi, linapita kijijini kabla ya jioni. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima atawasomea."

"Umewaandikia treni imefika?"

"Ndiyo. Na nimewaambia wale mbegu."

Sikuelewa, au sikutaka kuelewa. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni. Mama yake alikuwa na masuke ya mtama yaliyofungwa mafungu na kuning'inizwa juu ya moto, ndani ya moshi, ili wadudu wasiyaguse. Ilikuwa mbegu ya kupanda mvua za Desemba, mbegu ya ukoo wao, iliyozoea udongo ule. Watoto walilia chini yake kila siku na hakuna aliyenyoosha mkono, maana anayekula mbegu amekula na mwaka unaokuja.

"Mama ni mgumu," alisema. "Angeacha sisi tufe kuliko kuigusa. Ndiyo maana nimeandika kwa nguvu. Nimesema, mama, redio imetangaza, chakula kipo Itigi, serikali itagawa, na mbegu nyingine itapatikana. Wape watoto wale leo." Akafuta macho. "Mungu akubariki, kaka."

Aliondoka. Sikumwita. Nisamehewe kwa hilo pia.

Nilimtafuta Alute nikamkuta nyuma ya bweni akitengeneza ubao wa kitanda. Nilimweleza yote. Alikaa na nyundo mkononi.

"Hakuna treni kabisa?"

"Sijui. Ile sikuisikia popote."

"Babu!" Halafu akashusha sauti. "Sikiliza. Usimwambie mtu. Chakula kitakuja tu siku moja, na hakuna atakayekumbuka ilikuwa Jumatatu gani. Ukisema, watakufukuza, na mimi watanifukuza pamoja nawe, na hizi nywele watazifanya bendera."

"Na mbegu?"

Aligonga msumari ukapinda. Kisha akasema bila kunitazama, "Nenda basi. Kama watauliza nani alitaka redio, sema mimi."

Mwalimu Laurenti alikuwa anasahihisha madaftari. Nilisimama mlangoni nikamwambia mambo mawili: kwamba Jumapili nilimaliza betri kwa muziki, na kwamba habari ya treni niliitunga. La betri alilipita kana kwamba hakulisikia. La treni lilimfanya avue miwani. Nilipofika kwenye mbegu ya kina Rahabu alisimama.

"Unajua mimi nimefanya nini, Damiani? Nimemwambia mke wangu asiuze tena cherehani. Nimemwambia asubiri mahindi." Alicheka kicheko kidogo kisicho na furaha. "Kwa hiyo uongo wako umefanya jambo moja zuri, cherehani ipo. Twende kwa mkuu."

Mkuu wa shule hakunipiga. Aliagiza reli igongwe. Shule ikakusanyika mchana ule, jambo lisilo la kawaida, na wengine walikuja wakicheka, wakidhani magunia yameshafika. Nilitoka mbele bila karatasi.

"Habari niliyosoma asubuhi ni ya uongo," nilisema. "Treni haijafika. Redio ilikuwa imekufa, kwa sababu mimi niliimaliza. Nikaogopa kusema. Nikatunga. Walio na ndugu waliopewa habari ile, wawafuate leo."

Nilitegemea matusi. Walinitazama tu. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza aliuliza, "Hata kidogo? Hata mabehewa mawili?" na mwenzake akamwambia nyamaza. Kisha wa kutwa wakaondoka mbio kwenda Mandewa, na Mwalimu Laurenti akapanda baiskeli kwenda ofisi ya TANU kueleza, ili neno lisitembee zaidi.

Mkuu alinihukumu palepale. Habari sitasoma tena. Mwezi mzima nitachimba shimo la choo kipya. Kesho alfajiri nitachukua baiskeli ya Mwalimu Laurenti niende Issuna. "Utawaambia kwa mdomo wako," alisema. "Barua hazitoshi tena."

Jioni Rahabu alikuja karibu na uzio wa wasichana. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nilidhani amekuja kunilaani, nami nilikuwa tayari.

"Ukipita Ikungi, shika barabara kubwa tu," alisema. "Nyumba yetu ni ya pili baada ya ofisi ya kijiji, ina mlango wa bati. Baba yangu anaitwa Mughwai. Sikio lake la kushoto halisikii. Simama kulia."

"Rahabu, mimi..."

"Nenda tu upesi," alisema, akageuka.

Niliondoka Jumanne kabla ya mapambazuko. Baiskeli haikuwa na breki ya nyuma, na katika mchanga niliikokota zaidi ya kuipanda. Nilisali rozari nikihesabu kwa vidole kwenye usukani, na kila fungu nilisahau nimefika wapi, kwa kuwa nilikuwa naona kinu tu. Jua lilipokuwa kali nilimpita mzee mmoja na punda wawili wasio na mzigo. Nikashuka, nikamwamkia, nikamuuliza aendako. Alisema anakwenda Ikungi kutafuta maji. Nilimshukuru Mungu kwamba si Itigi.

Jua lilikuwa limevuka utosi nilipoifikia ofisi ya kijiji cha Issuna. Nyumba zilikuwa mpya, miti yake bado mibichi, kwa kuwa watu walikuwa wamehamishiwa pale mwaka uleule kutoka kwenye matembe yao ya udongo. Nyumba ya kwanza ilikuwa kimya. Kutoka ya pili, yenye mlango wa bati, nilisikia mchi. Tu, tu, tu. Mtu anatwanga bila haraka, kama mtu mwenye chakula.

Niliitupa baiskeli nikakimbia mpaka uani.

Mwanamke mwembamba alisimamisha mchi hewani. Mtoto wa kiume wa miaka kama minne alikuwa ameketi karibu na kinu, midomo yake imekauka ugali pembeni. Chini ya ukuta palikuwa na kikapu cha mtama uliokwisha kupurwa, umejaa nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa shule, naona kaptula. Rahabu mzima?"

"Ni mzima, mama. Tafadhali usitwange."

"Basi kama ni mzima, kaa. Mwanangu, leta kigoda, mgeni ametoka mbali." Akainua tena mchi.

"Mama, usitwange! Nimekuja kwa ajili ya hiyo mbegu."

Mchi ukashuka taratibu ukaegemea ukingo wa kinu. Kelele zangu zilimtoa ndani mzee mrefu mwenye mgolole. Huyu alikuwa Mzee Mughwai. Nilimwamkia, kisha nikasema yote kwa pumzi moja, treni, redio, uongo wangu. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akamtazama mkewe.

"Anasema nini?"

Nilikuwa nimesimama kushoto. Nilizunguka nikasema tena, upande wa kulia, kwa sauti ya kupaza, hata majirani wakasikia. Kusema mara ya kwanza kulikuwa kugumu. Kusema mara ya pili, polepole, neno kwa neno, huku mtu anakutazama mdomo, ndiko nilikojifunza uzito wa jambo lenyewe.

"Treni haipo," alirudia Mzee Mughwai.

"Haipo, baba. Niliitunga."

"Mwanangu Rahabu anajua?"

"Anajua. Alilia. Ndiye aliyenielekeza njia."

Mkewe, Mama Dorika, aliketi chini palepale, miguu ameinyoosha. Alianza kuzungumza kwa Kinyaturu, si kwangu wala kwa mumewe, na mimi nilielewa karibu yote. Alisema: mimi nilikataa. Jana ile barua ilisomwa, nikakataa. Nikasema treni sijaiona. Watoto wakanishika kanga wakasema, mama, Rahabu amesema. Rahabu hajawahi kudanganya. Nikapanda kwenye kigoda, nikateremsha.

Walikuwa wamekula fungu moja jana. La pili lilikuwa ndani ya kinu. Lililobaki ni lile la kikapuni.

Nilingoja Mzee Mughwai aninyanyulie fimbo. Aliuliza, "Umekuja na nani?"

"Peke yangu, baba."

"Kutoka Singida? Leo?"

"Leo asubuhi."

Alitazama baiskeli iliyoanguka njiani, gurudumu lake limejaa mchanga. "Barua ilisomwa kisimani, mbele ya watu," alimwambia mkewe. "Nyumba nne najua wameteremsha mbegu. Nakwenda." Akajifunga mgolole. Alipofika njiani aligeuka. "Dorika, mpe mgeni ale."

"Baba, siwezi kula," nilisema. "Ile ni..."

"Iliyopikwa hairudi kuwa mbegu. Na mgeni wangu haondoki na njaa, hata akiwa wewe."

Mama Dorika alileta nusu ya ugali wa jana, mwekundu wa mtama, umekauka juu, na maji ya chumvi ya kuchovya. Nilifanya ishara ya msalaba. Mtoto alikuja akaketi karibu nami, akiutazama ule ugali, nami nikaukata, mkubwa kwake, mdogo kwangu. Mama aliuona mkono wangu akasema, "Kula na wewe. Usitukane nyumba." Nikala. Sijawahi kula chakula kizuri kama kile, na kila tonge nililimeza kama jiwe.

Nilipokwisha kunawa, alikuwa ameshamwaga kilichokuwa ndani ya kinu juu ya ungo. Alipeta mara mbili tatu, makapi yakaruka. Palibaki mchanganyiko: punje zilizopasuka, zilizokobolewa, na zile ambazo mchi ulikuwa haujazifikia.

"Umefika kabla sijatwanga sana," alisema. "Njoo hapa. Macho yako ni mapya kuliko yangu."

Aliniwekea punje mbili kwenye kiganja. "Hii ina jicho, hapa nchani. Unaliona? Hii jicho limetoka, haioti. Yenye jicho weka huku. Isiyo na jicho, huku, tutaila. Ukiwa na shaka, uniulize. Usikisie."

Tulianza. Mtoto naye alitaka kusaidia, tukampa makapi achambue. Mwanzoni nilikwenda haraka, na mama akachukua rundo langu, akalitawanya, akatoa punje tatu mbovu. Nikapunguza mwendo. Kutoka nyumba za jirani tulimsikia Mzee Mughwai akiita watu, na mlangoni kwa mmoja mtu aliangua kilio, na kwa mwingine mchi uliokuwa unasikika ukanyamaza. Kila uliponyamaza, mama aliinua kichwa, akakishusha.

Nilitaka kumwomba msamaha kwa maneno mazuri. Nilikuwa nimeyatunga njiani, marefu, yenye mifano. Nilipomtazama yule mama akisogeza punje moja moja kwa ncha ya kidole, nikaona hayana kazi. Nilisema tu, "Mama, nimekosa."

"Ndiyo," alisema. "Umekosa sana." Akanisogezea ungo karibu zaidi, upande wenye mwanga.

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika miguuni petu. Rundo lenye jicho lilikuwa dogo, la kutosha kipande cha shamba. Mama alichota viganja viwili akavipima kwa kuvitazama tu, akatazama mawingu membamba upande wa mashariki.

"Ninyi mnaosoma," alisema, "mnajua mvua itaanza lini?"

Zamani ningetafuta la kumjibu.

"Sijui, mama."

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba nimempa kitu anachoweza kukishika, akamimina mbele yangu konzi nyingine ya punje.